Kabla ya Kupiga Windows, Soma Namba

Mwambie fundi wa Dar kwamba antivairasi ya kompyuta yako imegoma kuapdeti, na mara nyingi hata hajavuta kiti atakuwa ameshatoa flashi mfukoni. "Hii tupige Windows tu, bosi." Yaani afute Windows iliyomo na kuisakinisha upya. Kompyuta nzito, piga Windows. Printa haionekani, piga Windows. Kinga imezimika, piga Windows. Mteja naye anakubali, maana baada ya muda si mrefu skrini inawaka safi, ina aikoni chache tu na picha mpya nyuma, na anaona pesa yake imefanya kazi.

Tabia hii naipinga, na kwenye suala la apdeti za antivairasi naipinga mara mbili. Kwanza, kuna vinavyopotea: draiva ya printa ya zamani ambayo kuipata tena ni shughuli, violezo vya CV na mikataba ya pango alivyovitengeneza mwenye duka kwa miaka, nywila zilizokaa kwenye kivinjari. Pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, ugonjwa mara nyingi haumo kabisa ndani ya hiyo Windows inayofutwa. Umo kwenye betri ya saa, kwenye bando, kwenye diski iliyojaa, au kwenye programu ya wizi, isiyolipiwa leseni, ambayo fundi huyohuyo ataisakinisha tena kabla hajaondoka. Alama nyekundu itarudi, na mteja ataambiwa mashine yake imechoka.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kompyuta za steshenari: Sinza, Mwenge, Ubungo na zile zilizojipanga karibu na vyuo. Kwa mtu wa kinga ya kompyuta, steshenari ni uwanja wa vita. Kutwa nzima watu wanachomeka flashi. Mwanafunzi kaleta ripoti ya mafunzo kwa vitendo, mzee kaja na hati ya kiwanja aliyoiskani kwingine, dada anataka kutuma maombi ya kazi na vyeti vyote viko kwenye flashi ya mjomba wake. Moja kati ya flashi hizo ina kirusi kile cha njia za mkato kinachoficha mafolda ya mtu na kuweka aikoni za uongo mahali pake. Mashine ya duka ikishakipata inakigawa kwa kila anayefuata. Ndiyo maana kwenye maduka haya sijali sana antivairasi ni ya kampuni gani. Najali orodha yake ya alama za virusi, ile inayoitumia kumtambua kirusi, ni ya leo au ya mwaka juzi.

Nyingi ya mashine hizi zinatumia Microsoft Defender, ambayo imekuja na Windows kama antivairasi kamili tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Hailipiwi na haihitaji kusakinishwa. Injini yake, yaani programu inayochunguza faili, na orodha ya alama ni vitu viwili tofauti, na orodha ndiyo inayobadilika haraka: Microsoft hutoa toleo jipya mara kadhaa kwa siku. Kwenye historia ya Windows Update utaiona kwa jina KB2267602, jina lilelile kila siku, ni namba ya toleo tu inayosogea. Ikishindwa kushuka au kujisakinisha, pembeni yake huandikwa namba ndefu inayoanza na 0x. Namba hiyo ndiyo watu wanairuka.

Nianze na 0x80072f8f, kwa sababu ndiyo ninayoipenda. Ni kosa la mawasiliano salama, na kwenye maduka ya Dar chanzo chake karibu kila mara ni saa. Kompyuta inapozungumza na seva za Microsoft, seva hutoa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kama kompyuta inaamini leo ni Januari 2012, cheti kilichotolewa juzi kwake hakijazaliwa bado. Inakikataa, mazungumzo yanaishia hapo, na orodha haishuki. Intaneti ipo, bando lipo, WhatsApp kwenye simu inapiga kelele, lakini antivairasi imegoma.

Saa inarudije nyuma? Desktopu nyingi za steshenari ni mitumba, mashine zilizomaliza muda wake kwenye ofisi za nje na kuletwa Kariakoo. Kwenye madabodi kuna kibetri cha duara, CR2032, kinachoilinda saa wakati mashine haina umeme. Betri hiyo huwa imekaa humo miaka mingi. Ofisini kwake kwa zamani mashine haikuchomolewa ukutani, kwa hiyo betri haikuwa na kazi kubwa. Hapa mwenye duka, kwa kuogopa umeme ukirudi na kishindo usiku, anazima swichi kuu kila jioni. Usiku kucha saa inaning'inia kwenye betri iliyokwisha, na asubuhi mashine inaamka kwenye mwaka wa kiwandani. Betri mpya utaipata kwa mafundi saa wa mtaani, na bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai.

Kuna mtego mmoja. Usitegemee Windows ijirekebishe yenyewe. Huduma yake ya saa, kwenye kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi, kwa mpangilio wa kawaida haikubali kusahihisha tofauti inayozidi saa 15, achilia mbali miaka kumi na kitu. Weka tarehe kwa mkono kwanza, kisha iache ijipange na seva ya muda. Kwenye orodha ya majira ya saa (time zone) usitafute Dar es Salaam, haipo. Chagua Nairobi, UTC+03:00. Na kuna wale wanaoiwekea kompyuta saa mbili kwa maana ya saa mbili yetu ya asubuhi, kisha wanashangaa barua pepe zote zinaonekana zimetumwa usiku. Tofauti ya saa sita kwa kawaida haiui cheti, lakini inachosha.

Kama hutaki kukumbuka namba, fungua Gmail kwenye kivinjari. Kikilalamika kwamba saa ya kompyuta haiko sawa, umeshapata jibu.

Familia ya pili ya namba za makosa ni ya mtandao. 0x80072ee2 maana yake kompyuta imesubiri jibu hadi muda ukaisha. 0x80072ee7 maana yake jina la seva halikutafsirika kuwa anwani. Ya kwanza hapa mjini mara nyingi ni bando linalopumulia mashine: mtu ametoa hotspoti kwenye simu, kompyuta tatu zimejiunga, na mteja mmoja anapakua video. Orodha ikikaa muda mrefu bila kusasishwa, mzigo wa kushusha unakuwa mkubwa. Inayosasishwa kila siku hushusha vipande vidogo, ila iliyolala miezi inahitaji furushi kubwa, na furushi zima linapita megabaiti 100. Kwa hiyo kuzima apdeti ili kubana bando ni hesabu mbovu. Unaokoa kidogo kila siku, halafu unalipa kwa mkupuo siku ambayo kirusi kiko mlangoni.

Halafu kuna mpangilio ambao wengi wanauweka na kuusahau. Windows ina sehemu ya kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, ili isishushe vitu hovyo. Kwa hotspoti ni jambo la busara. Ila Defender kwa kawaida haichukui masasisho yake kwenye mtandao wa aina hiyo mpaka uiruhusu. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri la Windows, kwa mamlaka ya msimamizi, andika Set-MpPreference -MeteredConnectionUpdates $true, na mpangilio wa kubana bando ubaki kwa vitu vingine vyote. Hii ni suluhu ninayoipenda kwa maduka, kwa sababu haimlazimishi mtu kuchagua kati ya kinga na bando.

Kuna siku dawa sahihi ni kutofanya chochote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania na majirani ilidorora kwa kiasi ambacho hata kufungua barua pepe kulikuwa kazi. Siku kama ile namba za makosa ya mtandao zinatokea kwenye kila mashine. Ukiona kompyuta zote za mtaa zinaumwa ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja, funga boksi la bisibisi ukanywe chai.

Lakini kama mtandao ni mzuri, tovuti zote zinafunguka, na ni kurasa za Microsoft na za kampuni za antivairasi tu zinazokataa, hapo kaa wima. Hiyo ni tabia ya kirusi kinachojilinda. Conficker, kilichotokea Novemba 2008, kilifanya hivyohivyo: kilizuia kompyuta kufika kwenye tovuti yoyote ambayo jina lake lina maneno kama "microsoft" au "kaspersky", huku mwenye mashine akiendelea kusoma habari na kupiga soga bila kujua. Inayouma ni kwamba kiraka cha tundu kilimopitia, yaani sasisho la kuziba kasoro hiyo ya Windows, MS08-067, kilikuwa kimetoka tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo, kabla ya kirusi chenyewe. Kwa mashine ya namna hiyo endesha uchunguzi wa nje wa Defender, ule unaowasha upya kompyuta na kuchunguza kabla Windows haijaamka, ili kirusi kisipate nafasi ya kujificha. Angalia pia faili la hosts, linaloiambia kompyuta jina la tovuti fulani liende anwani gani, ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Huko ndiko aktiveta, vile vifaa vya kuifanya programu ya wizi ijione imelipiwa, hupenda kuandika mistari yao ya kuzuia seva fulani, na nyingine hazichagui sana zinazuia nini.

Na kwa kuwa nimezitaja aktiveta: zinaniletea kazi, lakini sizipendi. Maelekezo yake karibu yote huanza na "zima antivairasi kwanza". Fundi anazima, anakraki Windows au Office, mteja anafurahi, na hakuna anayekumbuka kuiwasha tena. Nyingine zinaacha amri ya kudumu ndani ya rejista, daftari la mipangilio ya Windows, kwamba Defender isifanye kazi. Baadaye mtu analalamika apdeti zimekataa, kumbe hakuna wa kuzipokea. Ukikuta 0x80070422, huduma inayohitajika imezimwa, na kompyuta haizimi huduma zake kwa hasira. Kuna mtu au kitu kilichoizima. Iwashe, lakini pia tafuta aliyezima.

Antivairasi mbili kwenye mashine moja ni kisa kingine cha kila siku. Laptopu imekuja na antivairasi ya majaribio, muda wake ukaisha, mtu akaiondoa kwa nusu. Defender huwa inakaa pembeni ikijua kuna mwenzake kazini, na mabaki ya mwenzake yanaweza kuendelea kuihadaa. Kampuni nyingi za antivairasi zina programu yao ya kufagia mabaki. Ishushe kutoka kwenye tovuti ya kampuni husika, siyo kwenye tovuti ya kwanza inayotokea ukitafuta.

Diski iliyojaa nitaipita haraka. 0x80070070 ni hiyo, na zile laptopu ndogo zenye hifadhi ya gigabaiti 32 ndizo wateja wake wakuu. Punguza mzigo, jaribu tena.

Sasa 0x80070643, namba inayotawala malalamiko na isiyosema chochote. Maana yake ni kwamba usakinishaji umeshindwa, basi. Januari 2024 namba hiyohiyo ilijitokeza kwa watu wengi kwa sababu ya KB5034441, sasisho ambalo halikuhusu orodha ya virusi hata kidogo. Shida ilikuwa sehemu ndogo ya diski ya kuokolea mfumo, ambayo haikuwa na nafasi ya kutosha. Kwa hiyo soma namba ya KB, yaani jina la sasisho, iliyo pembeni yake kabla ya kuanza kuhangaika. Kama ni KB2267602, dhana yangu ya kwanza ni kwamba orodha iliyopo imeharibika, na Dar kuna njia rahisi ya kuiharibu: umeme unakatika katikati ya apdeti na desktopu haina UPS, betri ya akiba ya umeme.

Dawa yake ni kuitupa orodha nzima na kuanza upya. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, nenda kwenye folda C:\Program Files\Windows Defender, kisha andika MpCmdRun.exe -RemoveDefinitions -All, na baada yake MpCmdRun.exe -SignatureUpdate. Ya kwanza inafuta, ya pili inaita mpya. Ikikataa, shaka inahamia kwenye ghala la Windows Update: simamisha huduma kwa net stop wuauserv na net stop bits, badilisha jina la folda C:\Windows\SoftwareDistribution liwe lolote, ziwashe tena huduma zote mbili kwa net start. Windows itajenga folda jipya. Nasema badilisha jina, sisemi futa. La zamani utalifuta ukishaona mambo yamekaa sawa.

Na pale ambapo intaneti ya dukani haina matumaini, kuna mpam-fe.exe. Ni faili la orodha nzima ambalo Microsoft inalitoa bure kwenye ukurasa wake wa masasisho ya Defender. Lishushe sehemu yenye mtandao wa maana, ukichagua la biti 64 au 32 kulingana na mashine, liweke kwenye flashi, lizunguke duka zima. Ninavyopenda mimi ni furushi moja kwa kompyuta zote, bando likalipwa mara moja. Ila kagua mambo mawili. Bofya kulia kwenye faili, nenda kwenye sifa zake, uone kama saini ya kidijitali ni ya Microsoft, maana faili linaloitwa "apdeti ya antivairasi" na kuzungushwa kwa flashi ni vazi zuri sana kwa kirusi. Pia usilitumie la mwezi uliopita kwa kudhani orodha ni orodha.

Windows 7 bado ipo, msidanganyane. Ukikutana nayo ikiwa na Microsoft Security Essentials, antivairasi ya bure ya Microsoft ya enzi hizo, na haipokei kitu, kumbuka kwamba mwaka 2019 Microsoft ilihamia kwenye saini za kidijitali za aina mpya, SHA-2. Mashine isiyo na sasisho la KB4474419 haiwezi kuthibitisha saini hizo, kwa hiyo inakataa orodha halali kana kwamba ni ya bandia. Hilo likirekebishwa, bado unabaki na mfumo ambao msaada wake uliisha 14 Januari 2020.

Kisa kinachonichekesha zaidi ni cha maabara za shule na kafe za zamani. Wamefunga Deep Freeze, programu inayorudisha kompyuta kwenye hali iliyogandishwa kila ikiwashwa upya. Kwa mtoto anayefuta aikoni ni dawa nzuri. Lakini orodha ya virusi nayo inagandishwa: asubuhi inashuka, jioni mashine inazimwa, kesho imerudi kwenye tarehe ya siku ya kugandisha. Mwalimu anaona bando linaisha na antivairasi haijawahi kuwa mpya. Hapo hakuna kitu kilichoharibika. Panga dirisha la muda ambapo mashine inayeyushwa, inaapdeti, na kugandishwa tena.

Mama mmoja mwenye steshenari aliniuliza swali zuri nilipomaliza kumwekea orodha mpya. "Mwanangu, si niliona kwenye taarifa ya habari apdeti ndizo zilizoangusha viwanja vya ndege? Sasa mbona unanilazimisha?" Nikamwambia ni kweli, mama. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya kinga ya kompyuta, liliangusha mashine za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Na haikuwa mara ya kwanza: 21 Aprili 2010 orodha ya antivairasi ya McAfee namba 5958 iliidhania svchost.exe, faili muhimu la Windows XP, kuwa kirusi na kuzilaza kompyuta za watu. Lakini yale yalijulikana na kurekebishwa haraka, kwa sababu kila mtu aliyaona. Flashi za wanafunzi wake hazitangazwi kwenye taarifa ya habari. Akacheka, akaniuliza kama printa nayo naweza kuitazama.

Ukimaliza, usiamini alama ya kijani pekee. Andika Get-MpComputerStatus kwenye PowerShell utazame mstari wa AntivirusSignatureLastUpdated; tarehe iwe ya leo au ya jana. Kama unataka kujua antivairasi iko macho, tengeneza faili la maandishi lenye ule mstari wa majaribio wa EICAR, herufi 68 ambazo hazina madhara yoyote lakini antivairasi zimekubaliana kuzikamata. Linakuthibitishia kwamba mlinzi yupo. Upya wa orodha unauona kwenye tarehe.

Na je, kupiga Windows kuna wakati wake? Kupo. Kama mashine imekaliwa na virusi hadi huduma zake zinajizima mbele ya macho yako hata baada ya uchunguzi wa nje, au Windows yenyewe ni toleo la kuchakachuliwa lililokatwa Defender tangu mwanzo, hifadhi faili za mtu na upige. Kwa hayo sibishani.

Swali ninaloulizwa sasa hivi ni la Windows 10, maana ndiyo imejaa madukani. Msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, na viraka vya nyongeza kwa watu binafsi waliojiandikisha vinaishia 13 Oktoba 2026. Orodha za Defender, kwa ahadi ya Microsoft, zitaendelea kushuka kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo alama ya kijani itabaki kijani, na hapo ndipo watu watakapojidanganya, kwa sababu orodha inatambua virusi ila haizibi matundu ya mfumo. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga faili za watu na kudai fidia, ilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya kompyuta, na prosesa za karibuni, kwa Intel kwa ujumla kuanzia kizazi cha nane, na mitumba mingi ya madukani ni ya vizazi vya nyuma ya hapo.

Wenye maduka ninaowahudumia siwaambii wanunue mashine zote mpya, hela hiyo haipo. Nawaambia watafute moja inayokubali Windows 11, na hiyo ndiyo iwe ya kupokea flashi za wateja na kufungua barua pepe. Zile za Windows 10 zibaki kwenye kuchapa na kuskani, nyuma ya kaunta, na hakuna mteja anayechomeka kitu chake humo.